Drosera zangu hukauka ulimbo kila kiangazi, za dembo zinaendelea kukamata. Sababu ni nini?

#1 Mama_Biano (Lubumbashi)
Jambo wote. Nina swali la miaka mingi, na najua humu kuna watu wa shamba, wa maabara na wa porini.

Kwenye baraza yangu hapa Kalubwe nina vyungu vya drosera, ule mmea mdogo wa dembo (bonde tambarare lenye majimaji) wenye majani mekundu yaliyojaa nywele, kila unywele na tone la ulimbo kwenye ncha. Mdudu akitua, hatoki. Kuanzia Novemba hadi Machi zinang'aa, zimejaa usubi na sisimizi, hata mgeni asiyejali maua anainama kutazama. Mvua ikishakatika matone yanaanza kupungua. Kufika mwezi wa sita nywele zimebaki kavu, usubi anatembea juu ya jani na kwenda zake.

Sasa nenda mwezi huohuo wa sita kwenye dembo upande wa barabara ya Kasenga, asubuhi ya baridi kali. Drosera za pale, ambazo ndizo mama wa hizi zangu kwa sababu mbegu nilizichukua palepale, zina ulimbo, zina wadudu, nyingine zina maua. Mimi namwagilia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye mapipa ya plastiki, na jua la asubuhi linafika barazani bila kizuizi. Kwa hiyo tafadhali msiniambie "mama, weka maji". Nataka sababu.

#2 Fundi_Likasi
Heshima, mama. Mimi nilidhani mimea ya kula wadudu iko Amerika tu, ule unaofunga mdomo. Kumbe na huku iko?

#3 Kasapa_Agro
@Fundi_Likasi ule wa kufunga mdomo ni Dionaea muscipula, na kweli kwao ni pembe moja ya Marekani, Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, basi. Lakini Katanga ni tajiri kuliko watu wanavyofikiri. Tuna Drosera madagascariensis, burkeana, indica. Kuna Drosera katangensis na Drosera bequaertii, zote mbili zilielezwa kisayansi na Taton mwaka 1945, na hiyo ya pili ina jina la Bequaert, Mbelgiji aliyezunguka Kongo akikusanya mimea na wadudu. Hapo sijagusa utrikularia wala jenlisea, mimea mingine yenye mitego.

Mama, kabla ya sababu tupate jina. Kama yako ni Drosera indica hakuna fumbo lolote: inaota, inachanua, inatoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja. Kukauka ulimbo ni uzee tu.

#4 Mama_Biano
@Kasapa_Agro si indica. Indica ina majani membamba marefu, hayana kijiko mwishoni. Hii ina shina linalosimama, majani yanapanda kwenye shina, kila jani lina kikonyo kirefu na mwisho wake kijiko kidogo kinachotosha ukucha wa mtoto. Majani ya zamani hayadondoki, yanakauka na kuning'inia chini kwenye shina. Nimeilinganisha na picha za vielelezo vya bustani ya mimea ya Meise kule Ubelgiji, ni madagascariensis. Na haifi: mvua ya kwanza ikigonga, kwenye shina lilelile linatoka jani jipya lililojikunja, na ulimbo wake.

#5 Katuba_Boy
Mama jambo. Ile mumea haiwezi kumeza mutu ya deni? Niko na moja anakuyaka kila siku ku mulango 😂

#6 Himbi_Goma
Salamu toka Goma. Mimi naona ni maji, hata kama mama amekataza. Mimea hii imezoea maji yasiyo na kitu, kwa sababu dembo na matindiga yake ni udongo uliosafishwa na mvua mpaka ukawa maskini. Ndiyo maana inatafuta naitrojeni na fosforasi kwenye miili ya wadudu. Ukiipa maji yenye madini, mizizi inaungua polepole.

Hapa kwetu ni mfano mzuri. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi na pH yake inakaribia 9, yaani yana magadi. Nilimwagilia drosera niliyopewa na rafiki kwa maji ya bomba, haikumaliza masika. Mama, hayo mapipa ya plastiki yalikuwa na nini kabla?

#7 Birere_Volkano
@Himbi_Goma hata maji ya mvua ya Goma usiyaamini. Volkano ikitoa moshi mwingi, mvua inashuka na asidi na floridi. Wenye matangi ya kukinga paa huko Sake na kwingineko wanajua. Kwa hiyo "maji ya mvua" si kitu kimoja kila mahali.

#8 Himbi_Goma
Sawa kabisa, aksanti. Lakini Lubumbashi haina volkano. Ina chokaa. Chini ya mji na kuelekea Likasi kuna mwamba wa chokaa wa Kakontwe, maji ya visima vya kuchimba yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria.

#9 Mama_Biano
Mapipa yalikuwa ya mafuta ya kula, niliyaosha kwa maji ya moto. Maji ya kisima siyapi drosera hata tone, kwa sababu hiyohiyo ya chokaa. Ila nakubali kitu kimoja: vyungu vyangu vingine ni vya udongo wa kuchomwa, na kwenye ukingo wa kimoja kuna unga mweupe. Vingine ni makopo ya plastiki. Vyote hukauka ulimbo wiki ileile.

#10 Nguba_Bukavu
Basi si chungu wala maji. Ni hewa. Lubumbashi kiangazi hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Ulimbo ule sehemu kubwa ni maji, hewa kavu inaunyonya. Kwenye dembo, karibu na ardhi, kuna mvuke kutoka kwenye matope na majani yamesongamana. Mmea wa urefu wa kidole unaishi ndani ya hewa tofauti na ile unayoipumua wewe ukiwa umesimama. Barazani umeuweka juu, upepo unapita pande zote.

Jaribu kuweka chungu ndani ya beseni pana lenye maji, na majani ya dembo kuzunguka.

#11 Kasapa_Agro
Beseni ni sawa lakini haimalizi swali. Nimesoma hoja ya Thomas Givnish ya mwaka 1984 na bado inaonekana nzuri kwangu: kula wadudu ni gharama. Mmea unatumia sukari na maji kutengeneza ulimbo na vimeng'enya. Gharama hiyo inalipa pale penye mambo matatu pamoja, yaani mwanga mwingi, maji mengi na udongo maskini. Likipungua moja, mmea unapata hasara. Kiangazi kwenye chungu maji ni ya kupimiwa kwa kikombe. Drosera imepiga hesabu, imefunga duka.

#12 Nguba_Bukavu
@Kasapa_Agro hapo umesema hewa na maji kwa maneno marefu.

#13 Kasapa_Agro
Hapana, tofauti ni kubwa. Wewe unasema ulimbo unatoka na kukauka. Mimi nasema hautoki kabisa. Kuna njia ya kupima: nyunyiza kidogo jioni, funika kwa chupa iliyokatwa, angalia asubuhi. Matone yakirudi usiku mmoja, wewe umeshinda.

#14 Mama_Biano
Nimewahi kufunika kwa chupa. Majani machanga ya juu yalirudisha matone kidogo, ya chini hayakurudisha kitu. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata nusu.

#15 Ruashi_Simba
Mimi swali langu ni tofauti kidogo. Bibi alituambia kuna mti unakula watu, na nimeona hata kwenye intaneti picha ya mti wa Madagaska. Ni kweli?

#16 Kasapa_Agro
Uzushi. Ulichapwa na gazeti la New York World mwaka 1874, hadithi tupu, na watu wameirudia mpaka leo. Madagaska ipo kweli mimea ya mitungi, Nepenthes, inakamata wadudu kwenye maji ya mtungi. Spishi mbili pale, moja Shelisheli. Bara letu lenyewe haina hata moja ya asili.

#17 Ruashi_Simba
Aksanti. Bibi nitamwambia polepole.

#18 Kipushi_Vumbi
Hakuna aliyetaja vumbi? Mwezi wa sita mji mzima ni mwekundu. Magari ya mizigo yanapita usiku na mchana. Jani lenye gundi linakamata vumbi kuliko linavyokamata usubi. Nina hakika kwenye lupe ya mama, kile kioo cha kukuzia, vumbi lile linaonekana. Dembo iko mbali na barabara, majani ya nyasi yanachuja.

#19 Mama_Biano
Vumbi lipo, nimeliona. Lakini hebu niwaeleze kinachoonekana kwenye lupe, kwa sababu nadhani wengi hamjawahi kuangalia, na ni kitu kizuri mno.

Chukua jani lenye afya, saa tatu asubuhi. Nywele za katikati ni fupi na zimesimama, za pembeni ni ndefu na zimelala nje. Kila moja ina kichwa chekundu ndani ya tone safi. Usubi akitua pembeni, anavuta mguu na tone linavutika naye kuwa uzi. Anavuta mwingine, uzi wa pili. Kisha ule unywele uliomshika unaanza kuinama kuelekea katikati ya jani, polepole, lakini ukitulia unauona ukitembea. Baada ya hapo na nywele za jirani ambazo hazikumgusa zinaanza kuinama. Kesho yake usubi yuko katikati, amezungukwa na vichwa vyekundu. Siku chache baadaye zinafunguka, pamebaki mabawa na miguu.

Sasa chembe ya vumbi: inakwama kwenye tone, unywele unainama kidogo, kisha unarudi. Darwin aliyaeleza haya yote kwenye kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu. Aliweka kipande cha unywele wa binadamu chenye uzito usiofika hata sehemu moja ya elfu ya miligramu, na bado drosera ilihisi. Lakini tone la mvua likiipiga haijali. Mmea usio na macho wala neva unajua tofauti ya mvua na mguu wa mdudu! Mimi sijawahi kuzoea jambo hili, na sitaki kulizoea.

Kwa hiyo @Kipushi_Vumbi, jani langu la mwezi wa sita halina tone la kukamatia hata vumbi. Kitu kingine kimetangulia.

#20 Katuba_Boy
Mama, umetuandikia vizuri mpaka nimesahau deni.

#21 Yaya_Kolwezi
Mama Biano, ulianzia wapi haya mapenzi? Mtu wa umri wako wengi wanapanda ndizi na matembele.

#22 Mama_Biano
@Yaya_Kolwezi matembele pia ninayo 😊

Mume wangu alikuwa mtu wa reli, tukahamishiwa juu huko kwenye uwanda wa Biano. Mchanga mweupe, nyasi, upepo, hakuna miti ya maana. Nilikuwa kijana, sina jamaa wala soko la kwenda. Nikaanza kutembea kwenye mabonde yenye maji. Kwanza nikaona drosera. Kisha mahali maji yanapochuruzika juu ya mchanga nikaona maua madogo ya zambarau yasiyo na majani ya kueleweka. Nikang'oa kishada, nikakiosha kwenye sahani. Badala ya mizizi kulikuwa na nyuzi nyeupe, kila moja inagawanyika mara mbili mwishoni na kujisokota. Nilijua nimeshika kitu, sikujua ni nini.

Nilikausha mimea ndani ya magazeti chini ya godoro. Nikaandika daftari: tarehe, mahali, rangi, kilichokuwa jirani. Miaka ilipita kabla profesa mmoja wa chuo kikuu hajaniambia ule wa nyuzi ni jenlisea, na kunipa kurasa zilizonakiliwa za kitabu cha Peter Taylor cha 1989 kuhusu utrikularia. Lupe yangu ni zawadi yake. Tangu hapo, mume amefariki, watoto wameolewa, daftari zinaendelea.

#23 Luano_Bio
Hapo kwenye jenlisea mama niongeze. Zile nyuzi ni majani yaliyogeuka mitego ya chini ya ardhi. Ndani kuna vinyweleo vimeelekea upande mmoja, mdudu anaingia, kurudi hawezi.

#24 Kasapa_Agro
@Luano_Bio umekaribia, ila mawindo yake makuu si wadudu. Wilhelm Barthlott na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba jenlisea inavuta na kula protozoa, viumbe vya seli moja. Na mimea ya jenasi hiyo ina baadhi ya jenomu (jumla ya DNA) ndogo kuliko zote zinazojulikana kwa mimea ya maua.

#25 Luano_Bio
Nimepokea. Na utrikularia ndiyo mwenye mbio: vifuko vyake vinafyonza mawindo kwa chini ya milisekunde moja. Nimeiona kwenye ziwa Tshangalele, imeelea na maua ya njano, wavuvi wanaiondoa kwenye nyavu kwa hasira. Ukiitoa majini haraka na kuiweka karibu na sikio, unasikia vifuko vikifyatuka.

#26 Nguba_Bukavu
Huku Kivu tunayo Utricularia troupinii, inapatikana Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, sehemu za juu zenye matope na baridi. Mama, nikikutumia nauli utanitumia drosera? Nalipa vizuri.

#27 Mama_Biano
Siuzi mmea, mwanangu. Wakianza kulipa, watoto watamaliza dembo kwa wiki moja. Mbegu nitakupa bure, ziko nyingi, ni vumbi jeusi. Usizifukie. Zinyunyizie juu ya mchanga wenye mboji, ulowe kutoka chini, na mwanga uzifikie.

#28 Fundi_Likasi
Dembo zenyewe zinakwisha, mama. Karibu na mji kiangazi ni bustani za mboga mfululizo, mbolea ya kuku, pampu. Na wachimbaji wa chikanda, vile viazi vya okidi vinavyoliwa, nao wanageuza udongo.

#29 Yaya_Kolwezi
Msiguse chikanda 😅 Ile na karanga na pilipili ni chakula cha nyumbani.

#30 Mama_Biano
Nami ninaila, lakini Fundi amesema kweli na inaniuma. Okidi za chikanda na drosera zinaishi nyumba moja. Siwalaumu wanaolima, watu lazima wale. Ninachoomba ni kuacha kipande kilichoko kwenye chemchemi yenyewe, pale maji yanapotoka. Ni hatua chache tu za ardhi, na mbolea ikishaingia pale drosera hazirudi, nyasi ndefu zinazifunika. Nimeandika kwenye daftari majina ya dembo ambazo zamani nilihesabu drosera na leo kuna kabichi.

#31 Ruashi_Simba
Si ziko Kundelungu? Ile ni hifadhi tangu 1939, zitabaki.

#32 Luano_Bio
1939 ni Upemba. Kundelungu ilitangazwa mwaka 1970. Na hifadhi kwenye karatasi ni jambo moja. Ila ni kweli, juu ya uwanda, ukipita maporomoko ya Lofoi, kuna vitu ambavyo Lubumbashi hutavipata.

#33 Yaya_Kolwezi
Jamani turudi kwenye swali. Huku tuna mimea inayopenda shaba, kama Haumaniastrum katangense, ile iliyosaidia hata kutambua mahali wazee walipoyeyushia shaba zamani. Je, mchanga wa mama una shaba? Mchanga wa Lubumbashi watu wanauchukua popote, hata karibu na mabaki ya migodi.

#34 Mama_Biano
Mchanga wangu niliuleta kutoka Biano, na mboji ni ya dembo yenyewe. Lakini kila mwaka naongeza mchanga wa mtoni ninaoununua hapa mjini. Hilo sijalipima.

#35 Kipushi_Vumbi
Naona shaba imekuja kuchukua nafasi ya vumbi langu.

#36 Himbi_Goma
Na baridi je? Usiku wa mwezi wa saba Lubumbashi unashuka chini ya nyuzi 10. Sakafu ya saruji barazani inapoa sana. Kwenye dembo maji ya chemchemi yanatoka chini ya ardhi na joto lilelile mwaka mzima. Mizizi ya kule haijui kwamba ni kiangazi. Ya kwako inajua.

#37 Kasapa_Agro
@Himbi_Goma hiyo ndiyo hoja bora mpaka sasa, ila ulimbo wa mama unaanza kupungua mwishoni mwa Aprili, kabla ya baridi. Mimi bado niko kwenye gharama.

#38 Nguba_Bukavu
Na mimi bado niko kwenye hewa.

#39 Mama_Biano
Basi tufanye hivi. Mwaka huu mvua ikikatika nitagawa vyungu: vingine ndani ya beseni lenye maji na nyasi kuzunguka, vingine chini ya wavu wa kuzuia vumbi, vingine kwenye mchanga wa Biano mtupu bila ule wa mjini. Vingine nitavizika ardhini nyuma ya nyumba, pale bomba la maji ya mvua linapomwaga, ili mizizi isipoe. Vinne nitaviacha kama vilivyo. Kila Jumapili nitapiga picha ya jani lilelile kwa lupe na kuileta hapa. @Kasapa_Agro, wewe una kipimajoto cha udongo pale kitivoni?

#40 Kasapa_Agro
Kipo kimoja, kina kutu. Nitakileta Jumamosi. Mama, ongeza na chungu kimoja unachokilisha usubi kwa mkono kiangazi chote. Kama gharama ndiyo sababu, chenye kulishwa kiendelee kutoa ulimbo.

#41 Himbi_Goma
Na kimoja umwagilie maji ya kisima, hata kama kinakuuma. Bila hicho nitaendelea kusema ni chokaa.

#42 Mama_Biano
Maji ya kisima sitaipa. Tafuta drosera yako.